Mgando si Uvundo

"Mgando si uvundo." Mutinta na mdogo wake Luyando waliusikia msemo huu asubuhi kwa jirani, wakaja mbio kuniuliza umetoka wapi. Wamekuja likizo na mama yao kutoka kwa baba yao, Choma, Zambia, na hapa Rungwe kila kitu kwao ni swali. Nikawaambia wamefika kwa mwenyewe. Upande wa Kiingereza, ukoo wetu hauna wa kunifikia, na kosa lililoizaa methali hii mimi nisingelifanya hata nikiwa na homa. Wakakaa. Asili yake basi ni hii.

Kabla ninyi hamjazaliwa, baba yenu Mweemba alikuwa dereva wa malori yanayopita Uyole, akampenda mama yenu, Atuganile. Akatuma posa. Mwoaji mwenyewe haji siku hiyo, kwa hiyo walikuja mama yake, bibi yenu wa Choma, na wazee wawili. Tatizo likawa lugha. Wageni hawakujua Kiswahili wala Kinyakyusa, na Kitonga chao sisi tulikuwa hatujawahi hata kukisikia. Kilichobaki katikati ni Kiingereza. Akatafutwa mkalimani, kijana mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, shati jeupe, kalamu mfukoni ingawa hakuna aliyemwomba aandike.

Kijana yule alikuwa na imani yake: maneno yanayofanana ni ndizi za mkungu mmoja, chuma yoyote. Akilikosa neno moja, alichukua la jirani yake, na kama la jirani lilisikika zito zaidi, alifurahi zaidi.

Kazi ya kumsifu binti alikuwa nayo Shangazi Subilaga. Akaanza kwa kusema Atuganile ni mwekevu, mtu wa kuweka akiba. Mkalimani akalisaka neno la Kiingereza, likachelewa, akatoa "stingy". Ninyi mnajifunzia kwa Kiingereza, mnalijua. Hilo ni la bahili, yule anayemficha mgeni chumvi. Shangazi akaongeza kwamba binti ana msimamo. Likatoka "stubborn", mkaidi, kama punda aliyegoma katikati ya njia. Shangazi akatabasamu, akidhani sifa zinafika. Wageni wakatazamana. Nyuma ya mlango mama yenu alisikia mazungumzo yakipungua, asijue kwa nini. Mzee mmoja akaanza kutafuta kofia yake.

Hapo maziwa yakaletwa. Kwetu mkwe haondoki hajanywa maziwa mgando, yale yaliyogandia kwenye kibuyu. Mama Mweemba akapewa kikombe, akauliza ni nini. Kijana alilijua neno "sour", yaani chachu, ila akaliona ni la watoto wa darasa la tatu. Akasema "rotten". Maziwa yaliyooza.

Mzee wa kofia akasimama. Binti bahili na mkaidi, sasa na maziwa yaliyooza. Alichosubiri ni wenzake wasimame. Posa ilikuwa imebakiza hatua chache tu itoke mlangoni.

Lakini Mama Mweemba alikuwa mtu wa ng'ombe. Akakinusa kikombe. Akaonja. Kisha akanywa taratibu mpaka chini, akajifuta mdomo.

"Kijana," akasema, "haya ndiyo umeyaita yaliyooza?"

"Ndiyo, mama."

"Kwetu tunayaita mabisi, na adui hapewi." Akamwashiria mzee akae. "Kama haya ndiyo yameoza, basi hata huyo binti bado sijamjua. Niulizie upya. Safari hii usiniletee jina la tabia yake. Niletee anachofanya."

Ikabidi kijana amweleze Shangazi yote, kwa sauti ya mtu aliyemeza nzi. Shangazi alimtazama kwa muda. Hakumtukana, na nadhani angemtukana ingekuwa nafuu.

"Mwanangu," akamwambia, "mgando si uvundo. Yote ni maziwa yaliyokaa. Haya tunampa mkwe, yale hata mbwa hatumpi."

Ndipo akaeleza, naye kijana akafuata nyuma yake neno kwa neno, bila madoido. Kwamba Atuganile hupima unga kwa kikombe, na wenzake humcheka. Lakini nyumba ya mjane jirani ilipoungua, ni yeye tu aliyekuwa na akiba ya kumpa. Kwamba alitakiwa na mtu mwenye ng'ombe wengi, wazee wakambembeleza, akakataa, kwa kuwa alikwisha kumpa Mweemba neno lake. Mama Mweemba aliposikia hilo, alinyoosha kikombe aongezwe maziwa. Wote mle ndani wakajua posa imepita.

Luyando akasema kwamba pengine yeye na dada yake wasingezaliwa. Nikamwambia ndiyo, mlikaribia kupotelea kwenye mdomo wa mtu. Mutinta, ambaye hakubali kitu kiishe hivi hivi, akauliza yule mkalimani aliitwa nani.

Nikasema jina limenitoka.

"Anyosisye," ikaniita sauti ya dada yangu nyuma ya mlango uleule. Atuganile akatoka na kibuyu mkononi. "Wanangu, mwulizeni mjomba wenu kwa nini bibi wa Choma kila akipiga simu husema, 'Yule wa maziwa yaliyooza hajambo?'"

Watoto wakanigeukia wote wawili. Nikajitetea kwamba sikuwadanganya mahali popote, jina nililisahau tu.

"Kusahau na kuficha," akasema dada, akinimiminia kikombe mpaka juu. "Mgando si uvundo, mdogo wangu. Kunywa."