Abiria wa Alhamisi

Honi ya Pijo ya marehemu babu ililia uani usiku wa manane, mimi na mwanangu tukakurupuka. Wajomba walikuwa wamelitia gari lile kwenye mnada wa mtandaoni, na mnada ulikuwa unafungwa alfajiri. Nililitaka nibebee maharusi, sina kazi nyingine, lakini kila nikipandisha dau, Bwana Kihampa, tajiri wa kokoto, alinipita. Jioni hiyo alikuja kulikagua akang'ang'ania kulala kwetu alilinde.

Honi ilipolia, Bwana Kihampa akatoka mbio. "Nani anapiga honi? Funguo ninazo mimi!"

Bibi alikuwa amekaa barazani, kajifunika khanga. "Mume wangu huyo. Usijali, mwanangu. Atataka tu umpeleke makaburini kila Alhamisi, akasalimie wenzake."

"Nikikataa, bibi?" Bwana Kihampa akauliza.

"Dereva wetu alikataa."

"Yuko wapi?"

"Aliacha udereva."

Honi ikalia tena. Bwana Kihampa akanitupia funguo. "Binti, pandisha dau! Mimi siongezi hata shilingi!" Akaondoka, hata viatu hakuvaa.

Nikapandisha dau, alfajiri gari likawa langu, nikaangua kilio, nikamwambia bibi Alhamisi mimi siendi popote na babu, nina mtoto mchanga!

Bibi akacheka, akatoa chini ya khanga ncha ya kamba ya katani iliyopita dirishani mwa gari hadi kwenye mkono wa honi. Akaivuta, honi ikalia.

"Wajomba zako wasijue."

Nikaapa sitamwambia mtu mwingine.