Neno Moja la Bi Siwema

Sogeeni, na anayetafuna njugu azimeze kwanza. Kesi hii nimeipeleka kwa watu wenye akili kuliko nyinyi, wakashindwa. Leo naileta kwenu, tuone.

Kilosa, karibu na stendi ya mabasi, alikuwapo mama muuza uji, Bi Siwema. Uzuri Mungu hakumpa mwingi, na mume alimpa nusu, lakini sauti! Akisema "Uji wa mooooto!", abiria waliolala ndani ya basi walizinduka wakidhani wamepitishwa kituo. Akimwita binti yake, "Mwantumuuu!", mtoto alisikia akiwa ng'ambo ya reli, akarudi mbio hata kama anajua ana kosa.

Bi Siwema alikuwa na watu watatu. Mwantumu, kifungua mimba wake, aliyeolewa Dodoma, alikuwa na sikio. Basi likinguruma mbali, alikutajia dereva. Sefu, mdogo wake Mwantumu, fundi cherehani, alikuwa na vidole. Akikushika bega tu alijua shati lako litapwaya wapi. Wa tatu alikuwa Chausiku, mke mwenziwe Siwema, na kipaji cha huyu kilikuwa kukaa. Msicheke. Aliuza mkaa, na aliweza kukaa juu ya kigoda kutwa nzima akimngoja mteja mmoja. Hachoki, hanuni, haondoki.

Huyo Chausiku aliletwa na Mzee Kondo, mumewe Siwema, wakati Siwema yuko Mahenge anamzika mama yake. Siwema akarudi macho yamevimba kwa kilio, akakuta mwanamke anafagia uwanja wake.

"Shikamoo, dada," akasema yule mwanamke.

Siwema akapita. Kesho yake, "Shikamoo, dada." Akapita. Miaka kumi na mmoja ile shikamoo ilitolewa kila asubuhi, na haikuitikiwa hata mara moja. Mzee Kondo mwenyewe akafa, wakakaa eda nyumba moja. "Shikamoo, dada." Kimya. Na mwanamke ana sauti ya kuamsha basi zima!

Basi, mwaka mmoja, baada ya kiangazi, Mwantumu alipiga simu kama kawaida yake.

"Mama, sauti yako imeingia mchanga."

"Moshi wa kuni huo."

Wiki ya pili akasema mchanga bado upo. "We mtoto, umesomea sauti?" Wiki ya tatu hakubishana tena na mama, alimpigia mdogo wake. "Sefu, mtazame mama shingo. Moshi kauzoea miaka thelathini, hauwezi kumkwaruza leo." Bila sikio lile, Bi Siwema angekunywa tangawizi mpaka siku ya kuoshwa.

Sefu akajifanya anataka kumshonea mama blauzi ya harusi. Akafungua daftari lake la vipimo. Idd iliyopita, shingo, inchi kumi na tatu na nusu. Akapitisha futi ya kamba: kumi na nne na nusu. Akapapasa. Upande wa kushoto palikuwa na kitu, kimoja peke yake, kigumu kama kokwa la zambarau, hakisogei.

"Kinauma, mama?"

"Hakiumi. Kisichouma kina ugonjwa gani?"

Majirani wakaja na elimu yao. Huyu akasema goita, yule akaleta mafuta ya kuchulia. Sefu akawatoa wote. "Shingo za watu ndiyo kazi yangu. Goita nazijua, hii siyo, na hapachuliwi." Akafunika cherehani, akampakia mama kwenye basi la kwenda hospitali kubwa. Bila vidole vile, lile kokwa lingechuliwa mpaka likaota mizizi.

Hospitali wakataka mtu wa kukaa na mgonjwa. Mke wa Sefu alikuwa na mimba iliyotimiza siku zake, wanawe Mwantumu walikuwa na surua. Akaenda Chausiku, na chupa yake ya chai. Sindano ikachomwa kwenye uvimbe, kilichotoka kikapelekwa maabara, karatasi ikarudi. Karani akasema, "Hakuna kitu. Mama arudi nyumbani." Siwema akaanza kufunga kanga zake.

Chausiku, na darasa lake la saba, akaisoma karatasi polepole kama anayechambua mchele. "Mwanangu, hapa pameandikwa sampuli haikutosha. Haikutosha si hakuna. Nikichungulia gunia kwa kitundu nisione mkaa, ndiyo gunia tupu?"

"Mama, daktari ana wagonjwa wengi."

"Namngoja."

Akakaa kwenye benchi mbele ya mlango wa daktari siku mbili. Wafagizi wakadeki wakamzunguka. Siku ya tatu daktari akasalimu amri, akarudia sindano, akapitisha na kamera kooni. Ikaonekana saratani, imekaa kwenye kisanduku cha sauti. Bila makalio yale, na wenye haya wanisamehe, Bi Siwema angerudi Kilosa na karatasi ya kumfariji, akafa nayo.

Mwantumu na Sefu wakaitwa, na daktari akawaambia watatu wote, "Mmewahi. Mama ataishi. Lakini kisanduku cha sauti kinatoka chote. Atapumua kwa tundu la shingoni, na hatasema tena." Akamgeukia mgonjwa. "Koo limebana mno. Kuanzia sasa usiseme kitu, ukikohoa tutagombania pumzi. Siku yenyewe ya upasuaji, mlangoni, nakupa neno moja la kuaga. Moja."

Siku tisa Bi Siwema alisema kwa daftari. Akaandika: UJI WAO UNA MADONGE. Akaandika: SEFU NYOA NDEVU. Na kila asubuhi, kando ya kitanda, "Shikamoo, dada." Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja alitaka kuitikia, na ndizo siku alizokatazwa. Siku moja alishika kalamu, akaandika M, akaikata. Salamu haiitikiwi kwa kalamu, hilo alilijua hata yeye.

Siku ikafika. Kitanda kikasukumwa mpaka kwenye mstari mwekundu uliopigwa sakafuni. Nesi akasema, "Kutoka hapa mpaka mlango wa upasuaji, ndugu mmoja tu, huyo ndiye wa kupewa neno. Na simu zinabaki nje."

Mwantumu akashika chuma cha kitanda. "Mama, niite. Jina langu tu, kama ulivyoniita ng'ambo ya reli. Hakuna mwingine atakayeniita vile."

"Dada, wewe umeitwa miaka arobaini!" akasema Sefu. Mikononi alikuwa na kichanga cha siku saba, na kwao bibi mzaa baba ndiye anayelitamka jina la mtoto kwanza, sikioni. "Huyu hajaitwa hata mara moja."

"Aandike kwenye daftari."

"Sikio la mtoto linasoma daftari?"

Nesi akasema kichanga si mtu wa kuhesabu, kitaingia na babake. Lakini wakubwa, mmoja.

Chausiku alikuwa kwenye benchi, chupa ya chai mapajani. Asubuhi hiyo hakuamkia. Mwantumu akamgeukia kwa hasira ya mtu anayelia. "Na wewe, mama mdogo, mbona huombi?"

"Niombe nini? Nyie ndio mna mama," akasema. "Leo nimenyamaza makusudi. Nikimwamkia ataona namlazimisha."

Msimwonee huruma upesi, huyo naye aliingia nyumba ya mtu akijua mwenyewe yuko msibani. Wala msiniambie mama angesema maneno yote matatu. Koo lilibaki na tundu la kupita sindano ya gunia.

Bi Siwema alilala chali akitazama dari. Maneno matatu yalikuwa yamejipanga kooni, nyuma ya lile kokwa: jina la binti aliyesikia, jina la mtoto wa yule aliyepapasa, na marahaba ya yule aliyekaa. Machozi yakamwingia masikioni na hakuyafuta. Stendi nzima ilikula sauti ile miaka thelathini, bure. Sasa ilibaki punje moja, na wenye njaa ni watatu.

"Mama," akasema nesi, "tuonyeshe unaingia na nani."

Mkono wa Bi Siwema ukatoka chini ya shuka, kidole kikanyooka.

Kilimwelekea nani, sisemi. Nimemjua mwanamke huyo akiwa na kitambaa shingoni, anauza uji kwa kugonga kikombe na kijiko, na sijamwuliza. Sikio, vidole au benchi: ondoa kimoja, naye hayupo. Sasa nyinyi mlio na sauti, acheni kutazamana. Kile kidole kingekuwa chako, neno lile ungempa nani?