Fungu la Bei ya Kati

Paukwa!
— Pakawa!
Pakacha!
— La mgeni!
Limebaki kwa nani?
— Kwa mwenyeji!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe unayecheka kabla sijaanza, subiri wenzio.

Hapo kale Bi Kaa alikaa kisiwani na wanawe arobaini, kila mmoja na shimo lake. Siku moja maji yamekupwa, akatokea mgeni kwa miguu kutoka bara. Ngiri huyo, meno nje, pakacha la mihogo mgongoni.

"Hodi! Nimekuja likizo. Natafuta hoteli ya bei ya kati. Ya chini sitaki, mimi si mtu wa hivyo. Ya juu sitaki, mihogo yangu naionea uchungu. Na nisiporidhika nalala papa hapa, nichimbe kiamshakinywa."

Akachimba kidogo kuonja, chaka! chaka! chaka! Mtoto akalia shimoni. Bi Kaa moyo ulimlipuka, lakini uso akaukunjua.

"Karibu, bwana. Kule pangoni, bei ya chini. Unalala na popo."

"Aka! Sitaki."

"Kule minazini, bei ya juu. Mapakacha matatu."

"Aka! Sitaki."

"Basi kule kati, bei ya kati. Kuna fungu."

Ngiri masikio yakasimama. Kwao bara fungu ni la viazi, la nyanya, la karanga, linapangwa sokoni. Sisi watu wa pwani tunalo fungu jingine, lile tuta la mchanga linalochomoza baharini maji yakipwa. Lakini Bi Kaa aliulizwa fungu la nini? Hakuulizwa. Aliulizwa mengine.

"Fungu kubwa?"

"Kubwa."

"La kugawana?"

"La peke yako."

"Bahari inaonekana?"

"Pande zote."

"Maji ya kuoga yako mbali?"

"Wee! Yanakufuata kitandani."

Mate yakamdondoka. Akalitupa pakacha miguuni pa Bi Kaa, asije mwingine akamwahi, akatimka kutu kutu kutu mpaka kule kati. Akatazama huku, mchanga. Akatazama kule, mchanga.

"Bi Kaa! Fungu liko wapi?"

"Umelikalia, bwana!"

Ngiri akajua limefukiwa. Akachimba, chaka! chaka! chaka! Maji yakaja, chwaa, kwatoni. Akachimba. Chwaa, magotini. Akachimba, maana alijua fungu kubwa hufichwa chini kabisa. Chwaa, tumboni.

"Bi Kaa! Maji!"

"Si nilikwambia? Hata kitandani hutoki!"

Aliogelea hadi bara, pu! pu! pu!, pua juu, roho mkononi. Kwao wakamuuliza hoteli ikoje. Aibu ikamshika. "Nzuri," akasema. "Maji tele."

Bi Kaa naye akawaita wanawe, akawahesabu mara mbili. Arobaini kamili. Akawapikia mihogo ya nazi, na machozi yalipomtoka akasema ni moshi.

Hadithi yangu imekupwa. Ikiwa njema, bebeni. Ikiwa mbaya, iacheni hapo mchangani, maji yataichukua.

Na funzo lake, wanangu: msidanganye wageni. Bi Kaa hakusema uongo hata neno moja. Tena msiwe wachoyo. Mgeni akija na meno nje, mpeni fungu kubwa kuliko yote.