Nyati wa Udongo

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitika nusu nusu, mnanishuku? Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na katikati ya kijiji alisimama nyati. Si nyati wa kukimbia. Mifupa yake magogo, nyama yake nyasi, ngozi yake udongo. Pembe tu ndizo zilikuwa za kweli. Aliyemtengeneza ni Chande, mchongaji, na watu walimpenda Chande kuliko ndugu zao. Mbele ya nyati huyo watu waliapa, wala hakuna aliyethubutu kumgusa. Chande peke yake ndiye aliyemkandika kila jioni, kwa udongo na kwa nyasi alizozitoa chini ya ghala.

"Mchwa wanamla," alisema.

Ghala lilikuwa la wote, limeinuliwa juu ya nguzo. Mlinzi wake alikuwa Mwasiti, mjane mwenye watoto, aliyelala palepale mlangoni. Mlango haukufunguliwa, lakini mbegu za mtama zikapungua. Leo hivi, kesho hivi. Na mvua inakaribia.

Mwasiti akaanza kuyahisi macho ya watu mgongoni. Akifika kisimani, mazungumzo yanakatika. Akipita na kapu, shingo zinageuka. Naye akaanza kuwashuku wao, mmoja mmoja, hata usingizi ukamhama.

Asubuhi moja wakamwita mbele ya nyati.

"Ungama, Mwasiti, kisha uhame na wanao."

"Niungame nini, jamani? Sikuiba."

Hapo akaja Bibi Somoe, mkongwe wa kijiji, kuku kwapani. Bibi huyo hakuamini kitu. Hata kivuli chake alikigeukia kukiuliza kinamfuatia nini.

"Bibi, kuku wa nini?" Chande akauliza.

"Kila siku ananikimbia anakuja huku, mjukuu wangu. Leo nimemfunga asile. Nataka nijue huku anafuata nini."

Akamwachia. Kuku huyoo, ko-ko-ko, moja kwa moja chini ya tumbo la nyati. Do, do, do, anadonoa.

"Mfukuzeni, anamchafua nyati," akasema Chande, jasho linamtoka.

"Mwacheni," akasema Bibi Somoe. "Sijaona mchwa anayedondosha mtama."

Akachukua mchi. Pu! Pu! Tumbo likapasuka. Mtama ukamwagika, chwaaa, hadi miguuni mwa Mwasiti. Wakaenda kutazama chini ya ghala, wakakuta tundu sakafuni, limezibwa kwa gunzi.

Aliyehama ni Chande. Watu wakamgeukia Mwasiti wakicheka, wakimwita dada. Mwasiti hakucheka. Moyo ulimuuma.

"Na asubuhi mliniita nani?" akawauliza.

Wakainama kuokota mtama.

Bibi Somoe akakataza tumbo lile lisizibwe. Tangu hapo, anayekuja kumshtaki jirani huambiwa kwanza ainame, achungulie tumboni mwa nyati. Wengi huinama na maneno, wakainuka hawana.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanangu. Msimtafute mwizi kwa mnyonge kwa kuwa tu kumsukuma ni rahisi. Hadithi yangu imeishia hapo. Anayeishuku na aende akamuulize kuku.