Mkaja Mmoja, Mama Watatu

Jamani, niwieni radhi kabla sijaanza, maana hadithi hii naisimulia vibaya. Mke wangu anaijua vizuri zaidi, ila yeye hulia katikati, na mimi hucheka pasipochekwa. Leo mmempata mchekaji. Vumilieni.

Palikuwa na wanawake watatu wa Kwamsanja, wasiojuana hata kwa salamu. Bi Semeni, mchuma ukindu, aliujua mto kama wewe unavyolijua jiko lako. Bi Kibibi alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kiume, na maziwa yalimjaa hata kanga zikaloa. Bi Mwanaidi alijaliwa mdomo: angemuuliza mbuzi anakwenda wapi, na mbuzi akajibu.

Masika moja maji yakachukua daraja la reli, na treni ya abiria ikaingia mtoni. Bendera zikapepea nusu mlingoti. Redio ikasoma majina siku tatu, nchi nzima ikanyamaza. Hapo hata mimi sicheki.

Bi Semeni alikuwa ukingoni na mundu wake. Akasikia kilio ndani ya behewa, akajitosa, akamtoa mtoto mchanga dirishani. Mama wa mtoto hakutoka. Bi Semeni akamfunga kichanga tumboni kwa kanga, akavuka naye mkondo, akamkabidhi kwa waokoaji.

Bi Kibibi alikuwa amepeleka uji shuleni, walikolazwa majeruhi. Akakikuta kichanga kinalia hadi sauti imekauka. Akaketi sakafuni, akamwondoa mwanawe kwenye titi, akamweka mgeni. Siku arobaini! Mwanawe alipiga kelele kama diwani aliyeibiwa kura.

Bi Mwanaidi akachukua kofia ya kufuma aliyovaa mtoto, akaifuata reli kwa miguu, stesheni hadi stesheni. "Mnaijua kofia hii? Nani kaifuma?" Stesheni ya kumi na mbili, Mzee Mbaruku akaishika, akakaa chini palepale.

"Uzi huu umetoka kwenye sweta langu," akasema. "Binti yangu aliufumua amfumie mwanawe."

Ndivyo babu alivyompata mjukuu. Akamlea, akamwita Nusura.

Miaka ishirini na miwili ikapita, Nusura akaposwa na Shomari, fundi baiskeli. Siku ya ndoa akaichagua mwenyewe: siku ileile ya kumbukumbu ya ajali. "Kila mwaka tunasoma majina na kulia," alisema. "Mwaka huu tukishasoma, tucheze."

Basi asubuhi tukasoma majina. La mama yake alilisoma yeye, bila kutetereka. Adhuhuri ngoma ikaanza, vumbi likapanda hadi kwenye pilau.

Ukabaki mkaja. Ni nguo anayopewa mama wa bibi harusi, kumkumbuka kwa ile aliyojifungia tumbo baada ya uzazi. Usipopokewa, hakuna ndoa. Mimi, mshenga, nikaingia nayo mikononi. Wakasimama wale wanawake watatu kwa mpigo, kila mmoja na wapiga vigelegele wake nyuma!

"Lete hapa," akasema Bi Semeni. "Mkaja si nguo ya tumbo? Mimi ndiye niliyemfunga tumboni."

"Tumboni kwako alivuka mto tu, shoga!" Bi Kibibi akamjia juu. "Kifuani kwangu alikaa siku arobaini. Mwanangu mpaka leo mwembamba!"

"Mwembamba kwa uvivu," Bi Mwanaidi akadakia. "Bila miguu yangu mngepeleka posa kwa nani? Kwa mkuu wa stesheni?"

Shomari akaruka. "Nikanunue miwili mingine!"

"Kaa chini, mkwe," akasema Mzee Mbaruku. "Mkaja ni mmoja. Mtu huzaliwa mara moja."

"Huyu kazaliwa mara mbili!" Bi Semeni akapiga makofi. "Na mara ya pili mkunga nilikuwa mimi!"

Tukamgeukia Nusura. Alikuwa anacheka hadi wanja umemshuka mashavuni. "Babu, nikimchagua mmoja, nitakuwa yatima wa wawili."

Shehe akatazama saa. Mzee Mbaruku akakuna ndevu, akatoa hukumu: "Sote hapa tuna deni la mapenzi kwao. Aamue ambaye hakuwepo."

Ninyi hamkuwepo. Nguo hii hapa. Aliyemtoa majini, aliyemnyonyesha, aliyemtafutia kwao: je, wewe ungempa nani?

Amueni upesi, bwana harusi ameloa kanzu kwa jasho. Na tafadhali, msiulize nani aliyewatia tamaa wote watatu. Siku mbili kabla ya harusi nilipita kwa Bi Semeni nikala samaki, kwa Bi Kibibi nikala kuku, kwa Bi Mwanaidi nikala vyote viwili, na kila nilipofuta mdomo nilisema, "Mama, mkaja huo ni wako."