Wimbo wa Mazoezi Uliogoma Kuisha

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa bado hawajachoka kusema, palikuwa na nchi yenye wilaya saba, na katika wilaya zote saba kazi ilikuwa moja: kufyatua tofali. Msiniulize tofali zote hizo zilikwenda wapi. Mtemi Tembo alipenda kuta, basi. Na leo nimechoka, wajukuu zangu, tangu asubuhi mgongo haujalala, kwa hiyo sogeeni karibu nisipaze sauti.

Kwenye uwanja mkubwa wa tofali, chini ya kilima, alikuwepo punda mmoja aliyeitwa Mzee Kihongwe. Alibeba udongo kutoka mtoni tangu meno yake yakiwa meupe. Nyumbani aliishi na Kuchakuro, yule mnyama mdogo wa shimoni mwenye mkia wa manyoya. Mzee ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufa.

Kuchakuro hakuwa na nguvu ya kubeba hata tofali moja. Kazi yake ilikuwa kuimbisha. Akianza yeye, wengine wanaitikia, na miguu inafuata wimbo. Wimbo ukiwa wa haraka, kazi inakwenda mbio. Ukiwa wa polepole, migongo inapata nafuu kidogo.

Sasa wafanyakazi wakaanza kuugua. Leo nyati kaanguka, kesho pundamilia anakohoa. Mtemi Tembo akakasirika, maana kuta zake zilikuwa zinachelewa. Akamwita Kiboko, ambaye cheo chake kilikuwa Bwana Afya. Kiboko akatoka mtoni, chwaaa, maji yanamchuruzika.

"Nchi nzima inaumwa. Kuna nini?" Mtemi akauliza.

"Miili imelegea, Mtukufu," akajibu Kiboko huku akipiga miayo. "Hawa hawafanyi mazoezi."

"Hawafanyi mazoezi? Wanabeba udongo kutwa!"

"Kubeba ni kazi, Mtukufu. Mazoezi ni mazoezi."

Mtemi akaona hayo ni maneno ya msomi. Akasimama mbele ya ngoma kuu. Na desturi ya nchi ile, msiisahau, ilikuwa hivi: neno la Mtemi likisemwa mara tatu mbele ya ngoma kuu, limekuwa sheria, na hata yeye mwenyewe hawezi kulirudisha. Kasuku saba, mmoja wa kila wilaya, hulichukua palepale na kuruka nalo.

"Mazoezi! Mazoezi! Mazoezi!" akasema Mtemi.

Purrrr! Kasuku hao wakaenda.

Kuanzia siku hiyo, kabla ya kugusa mzigo, kila mfanyakazi alikimbia kuzunguka kilima mara tatu na kuruka mara mia. Kisha ndipo kazi ianze, ileile, bila kupungua hata tofali moja. Kiboko akaongeza masharti yake: "Hakuna kusimama mpaka wimbo uishe! Na hakuna kusimama njiani!" Yeye mwenyewe alisimamia akiwa mtoni, pua tu ndizo zinaonekana. "Ruka! Ruka juu!" Halafu blububu, anazama.

Siku moja jua likiwa utosini, Mzee Kihongwe akaanguka. Pu! Udongo wote ukamwagika. Kuchakuro akamkimbilia.

"Baba! Baba, amka!"

"Naamka, mwanangu. Niache nivute pumzi."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote. Nina kiu." Mzee akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Napita mtoni mara ishirini kwa siku, nachota udongo miguu ikiwa ndani ya maji, na sina ruhusa ya kuinama ninywe. Nikianguka tena, Kuchakuro, sidhani kama nitaamka."

Kuchakuro aliumia sana moyoni. Akaenda moja kwa moja kwa Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Sema upesi."

"Mzee Kihongwe ameanguka. Anaomba anywe maji mchana, na akae kivulini kidogo tu."

"Kaanguka?" Kiboko akafikiri. "Basi mazoezi hayajamtosha. Mwambie aruke mara mia mbili."

"Lakini ulimuuliza yeye mwenyewe mwili wake unataka nini?"

"Nimuulize yeye? Kwani yeye ndiye Bwana Afya?" Na blububu, akazama.

Kuchakuro akabaki anaangalia mapovu. Alikuwa amechoka hata kukasirika kukamshinda. Akakaa, akafikiri, akanyanyuka, akaenda kwa Mtemi.

"Shikamoo, Mtukufu Mtemi. Wilaya zote zinasifu mazoezi yako."

"Marahaba! Ehee, wanasemaje?"

"Wanasema hakuna anayejua kuruka kama Mtemi. Ila hawajabahatika kukuona. Laiti wangekuona siku moja tu, wewe na Bwana Afya mkiongoza, mbele ya ngoma kuu! Saa sita mchana, jua liwaangaze vizuri. Mimi nitawaimbia."

Masikio ya Tembo yakapepea, pwa pwa pwa. "Waite watu!" akasema.

Siku ikafika. Wilaya zote zikajaa uwanjani. Kasuku saba wakakaa juu ya ngoma. Mzee Kihongwe naye alikuwepo, amesimama kwa shida, ameegemea rundo la tofali. Mtemi akatokea amejipaka mafuta. Kiboko akaja nyuma yake, na ngozi yake ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

Kuchakuro akapanda juu ya tofali. Ngoma ikalia, gudu-gudu, gudu-gudu.

"Nani ana masikio mapana kama mikeka?"

"Tembo!" watu wakaitikia.

"Nani akikanyaga, vyungu vinacheza rafuni?"

"Tembo!"

Mtemi akaruka. Gudu! Ardhi ikatikisika. Kiboko akaruka. Gudu! Watu wakashangilia. Na mnajua mambo ya kusifiwa: ukiimbwa jina lako mbele ya watu huwezi kukaa. Ni aibu. Basi wakaruka, na Kuchakuro akaimba. Akasifu mkonga, akasifu pembe, akasifu mkia. Akahamia kwa Kiboko, akasifu meno yake moja moja.

"Kuchakuro," Mtemi akanong'ona akihema, "wimbo umebaki mwingi?"

"Kidogo tu, Mtukufu. Sasa naingia kwa babu zako."

"Wako wangapi?"

"Kumi na wanne. Na wote mashujaa."

Gudu. Gudu. Alipofika kwa babu wa tano, Kiboko alikuwa mwekundu kama tofali lililotoka tanurini. "Uishe huo wimbo!" akalia.

"Masharti ni yako, Bwana Afya. Hakuna kusimama mpaka uishe."

Babu wa saba. Mtemi ulimi nje, bado anaruka.

"Mtukufu," Kuchakuro akasema kwa upole, bila kuacha mdundo, "wewe wajua afya kuliko sisi sote. Mwili wako sasa hivi unataka nini?"

"Maji!"

"Ngoma ina kelele, Mtukufu."

"Maji!"

"Wa nyuma hawajasikia."

"MAJI!"

"Na nini tena?"

"Kivuli! Kivuli! Nimesema kivuli!"

"Na kingine?"

"Kupumzika!" Mtemi alikuwa karibu kulia. "Kupumzika! Jamani, kupumzika!"

Ngoma ikanyamaza. Wimbo ukaisha.

Purrrr! Kasuku saba wakaruka, kila mmoja na njia yake. "Maji, kivuli, kupumzika! Maji, kivuli, kupumzika!"

"Rudini!" Kiboko akapiga kelele. "Hiyo haikuwa sheria!"

"Mara tatu, mbele ya ngoma kuu," akasema Kuchakuro. "Sote tumesikia."

Mtemi akamkazia macho. "Umenichezea, we mdogo."

"Nimekuimba tu, Mtukufu. Mwili ndio uliosema."

Tembo alitaka kukasirika. Lakini hasira nazo zinataka nguvu, naye hakuwa nazo. Akajikokota hadi mtoni, akainama, akanywa. Pembeni yake Mzee Kihongwe naye alikuwa ameinama, anakunywa polepole, na hakuna aliyemfokea.

Mzee alipomaliza akaenda kwenye kivuli cha ukuta, akajilaza. Kuchakuro akakaa karibu na kichwa chake.

"Baba, unajisikiaje?"

"Nimechoka," Mzee akasema, "lakini leo nimechoka nikiwa nimelala." Akafumba macho. Kuchakuro akamsikiliza akipumua, na machozi yakamtoka.

Hadithi imefika hapo, na mimi nimefika hapo: anayetaka kuponya wafanyakazi, kwanza awaulize wanaumia wapi. Haya, nileteeni maji.