Paja la Kuku Kilembani

Hapo zamani, mchele ulipopimwa kwa kibaba na watu kwa maneno yao, palikuwa na Sultani Shebwana, bahili asiyejua haya. Mjini mwake walikaa wanachuo ishirini na tisa waliotoka mbali, na kila mmoja alipata kibaba cha mchele kwa siku. Basi Sultani akawaita barazani.

“Mnakula kama nzige! Tangu leo, kibaba kimoja ni cha mwezi mzima. Asiyeweza na arudi kwao.”

Mmoja wao, Mshamu, akakumbuka mama yake, aliyeuza mbuzi wake wa mwisho ili yeye asome. Atarudi na uso gani? Hasira zikampanda, akazimeza, akasema, “Ewe Maulana, chatosha sana. Tutakula kikoa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ila tumepungukiwa mtu mmoja kutimia thelathini. Ukiingia wewe, utatulisha siku moja tu, nasi tutakulisha ishirini na tisa.”

Sultani akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akaazima vya waziri. “Nimeingia!”

“Kikoa kina sharti, Maulana. Anayekula pembeni hulisha wenziwe mwezi mzima.”

“Pembeni kuna nini? Andika!” Papo hapo akafunga jiko la jumba, akawapa wapishi wake ruhusa ya kwenda makwao.

Siku ya kwanza Mshamu akapika kibaba chake, akakigawa mafungu thelathini. Sultani akalitazama tonge lake, dogo kama yai la njiwa.

“Mwanangu, hili ni la kuonja?”

“La, Maulana, ndicho chakula. Bismillahi.”

Ikawa siku ya pili vivyo hivyo. Wanachuo, njaa walishaizoea, wakasifu upishi. Mmoja hata akaomba radhi kwa kubakisha. Siku ya tatu Sultani akaingia chuoni akiyumba, waziri nyuma, kilemba kimekaa upande, na paka watatu wakimfuata.

“Maulana, paka hawa mbona hawakuachi?” Mshamu akauliza.

“Wananipenda!”

Paka mmoja akaruka, kilemba kikaanguka, na paja la kuku likabingirika hadi miguuni pa waziri.

Sultani akalitazama paja, akamtazama Mshamu, akacheka hata akakaa chini. “Umenipata, ewe mwana wa mtu! Kibaba kwa mwezi, hata mimi siwezi.”

“Basi nasi hatuwezi, Maulana.”

Jiko la jumba likafunguliwa, wanachuo wakalishwa mwezi mzima, kisha posho ikarudi kibaba kwa siku, na mama Mshamu akapelekewa mbuzi wawili. Na lile paja? Waziri alishalila, yeye hakuwamo katika kikoa.